Madeni ya duka hayakupotea, yamo ndani

SWALI: Assalamu alaikum, fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi na vya vyombo vya baharini hapa Langoni, Lamu. Mwishoni mwa 2018 niliuziwa programu ya kuandikia bidhaa na madeni, nikaitumia kila siku kwenye laptopu ya Windows 10. Mwezi uliopita laptopu ilikufa. Kijana mmoja akatoa diski, akanakili folda yote ya programu kutoka Program Files, akaiweka kwenye laptopu mpya. Programu inafunguka vizuri, lakini inanionyesha wateja sita na bidhaa arubaini za siku ile ya kwanza tu. Miaka yote iliyofuata haimo. Kijana anaapa hakufuta kitu, na aliyeniuzia programu hashiki simu. Jambo la pili: mimi na kaka yangu, anayenishikia duka jioni, kila mmoja alikuwa na akaunti yake kwenye laptopu ile. Yeye amekuwa akisema ameandika madeni ambayo mimi sijawahi kuyaona. Tumegombana sana kwa hilo. Kompyuta yaweza kuficha vitu kiasi hicho? Na kwa nini ifiche?

JIBU: Wa alaikumu salamu, dada yangu. Kabla ya maneno mengi, ile diski ya zamani iko wapi sasa? Kama iko kwa yule kijana, kaichukue leo. Asiifomati, asiweke Windows mpya juu yake, wala asiigeuze ya kuwekea sinema. Kwa dalili ulizotaja, sina shaka kubwa kwamba madeni yako yamo humo yote, hadi lile la asubuhi laptopu ilipozimika. Na kijana usimlaumu. Alichukua folda ambayo karibu kila mtu angeichukua. Bahati mbaya ndani yake hamkuwa na daftari lako, mlikuwa na picha ya siku ya kwanza.

Sikuwapo dukani siku hiyo, lakini kisa hiki nimekutana nacho mara nyingi, kwa hiyo niache nikusimulie jinsi mambo yanavyokwenda. Muuzaji alikaa kwenye kiti chako, akachomeka flashi yake, akabonyeza faili la kuinstoli. Skrini ikafifia, Windows ikauliza kama programu hii iruhusiwe kubadilisha mambo kwenye kompyuta, naye akakubali. Kwa ruhusa hiyo, ambayo ni ya msimamizi, programu ikakaa ndani ya C:\Program Files (x86). Mwishoni kulikuwa na kisanduku chenye tiki cha kuifungua papo hapo, naye akakiacha. Ikafunguka ikiwa bado imebeba ile ruhusa kubwa. Mkaingiza pamoja bidhaa za mwanzo, saruji, misumari, kamba, rangi ya majahazi, na wateja sita wa majaribio. Haya yaliandikwa Program Files kweli kweli. Akafunga, akamaliza kahawa yake, akaenda zake.

Kesho yake ulifungua mwenyewe kwa kubofya ikoni. Skrini haikufifia, hukuulizwa kitu. Safari hii programu ilianza kwa ruhusa ya mtumiaji wa kawaida, na mtumiaji wa kawaida kwenye Program Files anaruhusiwa kusoma tu, haruhusiwi kuandika. Ulipoingiza mteja wa saba, programu ikaenda kuandika kwenye faili lake, na hapo ilistahili kukataliwa na wewe uone ujumbe wa kosa. Hukuuona. Windows ilichukua nakala ya lile faili, ikaiweka pembeni kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani kabisa ya folda za akaunti yako, kisha ikaielekeza programu iandike huko. Programu yenyewe haikujua imehamishwa. Tangu siku hiyo kila ulipoifungua ilisoma na kuandika ile nakala ya pembeni, na faili la Program Files likabaki vile vile, wateja sita na bidhaa arubaini.

Huu si ugonjwa wa laptopu yako. Windows ilitengenezwa makusudi ifanye hivyo kuanzia Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007. Enzi za Windows 95 na 98 hapakuwa na ulinzi wa mafaili hata kidogo, programu yoyote iliandika popote. Ilipokuja XP ulinzi ulikuwapo, lakini watu wengi walitumia kompyuta zao kama wasimamizi siku zote, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Vista ilipoufunga, programu chungu nzima za zamani zingekufa siku hiyo hiyo, kwa sababu watengenezaji wake walizoea kuweka data ya mteja kando ya programu yenyewe. VirtualStore ikawekwa kama daraja la muda, ziweze kuendelea kufanya kazi hadi watengenezaji wajirekebishe. Daraja la muda hilo lipo mpaka leo, hata kwenye Windows 11. Na yupo mtu aliyekuuzia mwaka 2018 programu ya tabia ya miaka ya tisini, akachukua pesa yake, asikuambie daftari linakaa wapi. Huyo ndiye mwenye lawama.

Sasa tulitoe. Umesema diski ilishatolewa, vizuri. Kama ni ile bapa ya inchi mbili na nusu, nunua kasha lake la USB. Kama ni kijipande chembamba mfano wa ubani wa kutafuna, kasha lake ni la aina nyingine, kwa hiyo nenda nayo dukani ukaipimishe. Chomeka kwenye laptopu mpya usikilize. Ikiwa inagonga-gonga kama mtu anayebisha hodi, chomoa upesi usijaribu tena, hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa. Ikikaa kimya, itatokea kama diski E au herufi nyingine. Huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Hapo ujue ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika laptopu ilipowashwa mara ya kwanza. Ingia kwenye akaunti hiyo, utaukuta.

Ikifunguka, usihangaike kutafuta kwa macho. Bonyeza pale juu penye anwani ya folda, futa kilichopo, uandike:

E:\Users\ofisi\AppData\Local\VirtualStore

Badala ya "ofisi" weka jina la akaunti yako ya zamani. Windows italalamika kwamba huna ruhusa ya folda hii na kukupa kitufe cha kuendelea. Endelea, na usubiri, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ndani utakuta Program Files (x86), na ndani yake folda yenye jina la programu yako. Tazama ukubwa wa faili na tarehe ya mwisho lilipobadilishwa. Likiwa na tarehe ya mwezi uliopita, sema alhamdulillahi. Chukua folda nzima, usichukue faili moja. Programu nyingine huandika mambo mapya kwenye kijifaili cha pembeni kabla ya kuyaingiza kwenye daftari kubwa, na ukikiacha hicho umeacha mauzo ya siku za mwisho.

Mtego mmoja. Ukiuliza watu watakuambia uandike %localappdata%, na ni njia ya mkato nzuri sana, ila inakupeleka kwenye folda za akaunti unayotumia sasa, yaani za laptopu mpya. Huko hutakuta kitu, na utarudi kuniambia nimekudanganya.

Umeona lakini jambo la ajabu? Tumeingia AppData, folda iliyofichwa, bila kuifichua. Neno "kufichwa" linatisha kuliko linavyostahili. Faili lililofichwa kwenye Windows halijafungwa kwa kufuli, limewekewa alama ndogo tu inayosema usinionyeshe kwenye orodha. Anayejua njia hupita. Alama hiyo ilirithiwa kutoka MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, ambamo mafaili mawili ya kuwashia kompyuta, IO.SYS na MSDOS.SYS, yalifichwa ili mtu anayesafisha diski yake asiyafute akakaa na kompyuta isiyowaka. Nia ilikuwa njema, sawa na mama anayeweka dawa juu ya kabati. Mtoto akipanda kiti anaifikia.

Kwa jamaa zetu wa Unix, mfumo mwingine wa kompyuta na mzazi wa mila za Linux, kuficha kulianza kwa bahati mbaya. Rob Pike, aliyekuwa Bell Labs, maabara ya Marekani ilikozaliwa Unix, amekieleza kisa chenyewe. Kila folda ilikuwa na maingizo mawili ya kurahisisha kutembea kati ya folda, moja linaitwa nukta na jingine nukta mbili, na watu walichoka kuyaona kila wakiorodhesha mafaili. Aliyeandika amri ya kuorodhesha akaongeza ukaguzi wa haraka, jina likianza na nukta liruke. Hakukagua kama jina ni nukta peke yake. Tangu hapo jina lolote linaloanza na nukta halionekani, na waandishi wa programu wakafurahi kupata mahali pa kutupia mipangilio yao ndani ya folda ya mwenye nyumba bila yeye kujua. Baadaye ikabidi watu wa Linux wakae waandike utaratibu: mipangilio ikae .config, data ikae .local/share, na vitu vya kutupwa vikae .cache. Zipo programu hadi leo zisizoufuata. Apple nao, tangu toleo la Lion la mfumo wa Mac, la 2011, wameificha folda ya Library ya kila mtumiaji.

Nikirudi kwenye Windows yako, nadhani utaelewa haraka ukifikiria nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Mgeni huishia dakani, pale kwenye baraza ya mlango. Akikaribishwa anaingia kiwandani, yaani uani. Misana, zile kumbi ndefu, ni ya watu wa karibu, na ndani ni ndani, haingii mtu. Kuta zenyewe ni kazi ya fundi mwashi, na mwenye nyumba hachukui patasi akazichimba kila anapotaka kuweka kikombe, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimeshajengwa kwa kazi hiyo. Program Files ni kuta. Documents na Desktop ni kiwanda, unapotembea kila siku. AppData ni ndani.

Huko ndani kuna vyumba vitatu, na tofauti yake ina maana. Roaming kiliwekwa kwa ajili ya ofisi kubwa zenye kompyuta nyingi na seva moja, mtu akiingia kwa jina lake kwenye kompyuta yoyote, vitu vya Roaming vinamfuata. Kwa duka lenye laptopu moja haviendi popote, lakini programu bado huvitumia: alama za kurasa na maneno ya siri ya Firefox yamo humo, chini ya Mozilla. Local ni vya kompyuta hii hii. Chrome huweka vyake humo, chini ya Google, kwenye folda iitwayo User Data. LocalLow ni kwa programu zilizopewa imani ndogo, tuiache. Kisha kuna C:\ProgramData, nayo imefichwa, ambayo imekusudiwa data ya watumiaji wote wa kompyuta kwa pamoja. Antivirasi hupenda kukaa huko.

Ndani ya Local mna Temp. Hiyo ni jaa, na kila msafishaji wa diski huanza nayo. Nina kisa kinachonisuta. Miaka mingi nyuma, msimamizi wa nyumba ya wageni kule Shela aliniletea laptopu yake imejaa. Nikasafisha mafaili ya muda, nikampa, nikalipwa. Siku ya pili akarudi amekunja uso. Orodha ya wageni wake ya wiki nzima haipo. Kumbe ile orodha alitumiwa kwa barua pepe, na kila asubuhi alikuwa akiifungua kutoka kwenye ile barua, anaandika, anabonyeza kuhifadhi. Programu yake ya zamani ya barua pepe ilikuwa inafungulia viambatisho kwenye folda ya muda iliyofichwa, na akihifadhi vinahifadhiwa humo humo. Alifanya kila kitu sawa. Mimi ndiye nilifuta bila kuuliza. Tangu hapo sifuti Temp ya mtu kabla ya kupanga mafaili yake kwa tarehe na kutafuta ya Word na Excel yaliyoguswa karibuni. Nikiyaona, nayaweka kando kwanza.

Kwa hiyo programu iweke wapi mali ya mtumiaji? Watengenezaji wana kanuni yao. Kitu ambacho mtu amekipa jina mwenyewe, barua, ankara, picha, kikae Documents au mahali alipopachagua. Kitu ambacho programu inajiandikia, mipangilio, madirisha yalipoachwa, kikae AppData. Kinachoweza kutengenezwa upya kikae kwenye kache au Temp. Na Program Files isiandikwe kabisa baada ya kusakinisha. Kanuni ni nzuri, lakini inakwama hasa kwenye kitu kama daftari lako. Hukulipa jina, hukuchagua pa kuliweka, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kujitetea kwamba ni la ndani. Mimi sikubali. Daftari la madeni ni mali ya mwenye duka kuliko barua yoyote aliyoandika. Nahodha anayechukua kamba na rangi wakati wa kusi, bahari imechafuka na hakuna cha kuvua, akiahidi kulipa maji yakitulia, hana risiti nyingine zaidi ya ule mstari. Programu ya namna hiyo ingepaswa kuuliza siku ya kwanza: daftari tuliweke wapi? Na kwenye skrini yake iandike njia yote ya folda, isomeke na mtu asiye fundi.

Nikuonye kuhusu kufichua vitu, maana najua baada ya kusoma haya utataka kuona kilichomo. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, kisha Show, kisha Hidden items. Vitatokea vitu vimefifia rangi. Ukiwa na barua wazi kwenye Word utaona pacha wake jina lake likianza na ~$, hilo linashikilia jina la aliyeifungua ili mwingine asiifungue akaiharibu. Ukifunga Word linaondoka. Na ukienda mbali zaidi ukaondoa tiki kwenye "Hide protected operating system files", kwenye Desktop unaweza kuona desktop.ini mbili, na watu wengi hunipigia simu usiku wakidhani ni virusi. Si virusi, ni mafaili madogo ya kuelezea folda ionekaneje. Na ndani ya C utakutana na pagefile.sys na hiberfil.sys, makubwa, gigabaiti kadhaa kila moja. La kwanza ni msaada wa kumbukumbu ya kompyuta, la pili ni la kuhifadhi hali yake inapolala. Usiyaguse. Tiki hiyo irudishe mahali pake.

Alama ile ile ya kuficha ndiyo wanayoichezea wenye virusi vya flashi. Hapa Lamu sijui saiba ambayo haijawahi kuviona. Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato zenye mshale, na zile za kweli hazionekani. Hazijafutwa. Kirusi kimeziwekea alama mbili kwa pamoja, ya kufichwa na ya kuwa faili la mfumo, ndiyo maana hata ukibonyeza Hidden items hazitokei. Usibofye njia ya mkato hata moja, maana kubofya ndiko kunakokiamsha. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni F, andika:

attrib -h -s /s /d F:\*.*

Alama zitatoka, folda zitarudi. Mara nyingine zinakuwa zimeingizwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue utaziona. Nakili unachohitaji, kisha safisha flashi hiyo na kompyuta iliyoiambukiza, maana bila kompyuta kusafishwa, kesho utarudia.

Kwenye simu sitakaa sana, ila lipo jambo moja linalofanana na la kwako. Kwenye Android kila programu ina chumba chake ambacho programu nyingine haziwezi kuingia, na ukiiondoa programu chumba hicho kinabomolewa na vilivyomo. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, hata programu za kutazama mafaili hazikuonyeshi folda ya Android/data kama zamani. Kwa hiyo mtu akikuambia "iondoe uiweke upya itapona", muulize kwanza data iko wapi. Kwenye mipangilio ya programu kuna vitufe viwili vinavyokaa karibu karibu. Clear cache hufuta vya kutupwa, haina madhara. Clear data, au Clear storage kwenye simu nyingine, ni kutupa kila kitu baharini. WhatsApp huweka picha na nakala za mazungumzo kwenye Android/media, chini ya com.whatsapp, na humo mna folda inayoanza na nukta, .Statuses, ambamo status ulizozitazama hukaa kwa muda. Vijana wanaijua folda hiyo kuliko mafundi.

Turudi dukani. Ukishapata daftari, usilirudishe Program Files, tutakuwa tumeanza safari ile ile upya. Kama unalo faili la kuinstoli, iondoe programu kwenye laptopu mpya, isakinishe tena, na inapouliza pa kuiweka, badilisha iwe C:\Duka. Folda iliyotengenezwa hivyo moja kwa moja ndani ya C kwa kawaida huruhusu watumiaji wote wa kompyuta kuandika, kwa hiyo Windows haina sababu ya kuhamisha kitu pembeni, na wewe na kaka yako mtaandika daftari moja. Isipouliza pa kuiweka, tafuta kwenye mipangilio yake kama data inaweza kuhamishwa peke yake. Kisha funga programu, weka mafaili yote uliyoyatoa VirtualStore juu ya yale mapya matupu ndani ya C:\Duka, na ufungue.

Bekapu ifanywe jioni, duka likifungwa, na programu ikiwa imefungwa. Usinakili daftari likiwa wazi. Nakili folda yote ya C:\Duka kwenye flashi, uipe tarehe. Ziwe flashi mbili, moja ilale nyumbani, na ziwe kwenye kopo lenye kifuniko, maana hewa yetu ya chumvi inakula vyuma vya flashi kama inavyokula misumari unayouza. Kama umeunganishwa na OneDrive, usijitulize kwamba inashika kila kitu. Inashughulika na folda kama Desktop, Documents na Pictures, haigusi AppData. Wala usiliweke daftari linaloandikwa kila dakika ndani ya folda inayopandishwa mtandaoni muda wote, zinaweza kugongana. Ipandishe ile nakala ya jioni.

Sasa kaka yako. VirtualStore ni ya kila akaunti peke yake. Wewe ulipoingia kwa jina lako, programu ilifungua nakala ya pembeni iliyo yako. Yeye alipoingia kwa jina lake jioni, siku ya kwanza alikuta wateja wale wale sita, akaandika wa saba wake, na Windows ikamtengenezea nakala yake. Kuanzia hapo mlikuwa na madaftari mawili kwenye laptopu moja, ikoni moja, jina moja, na hakuna aliyeweza kuona la mwenzake. Rudi kwenye ile diski, fungua E:\Users, utaona folda yenye jina la akaunti yake. Fuata njia ile ile mpaka VirtualStore. Aliyokuwa akikuambia utayakuta humo, na tarehe zake.

Jihadhari sana na kitu kimoja, mafaili yenu yana jina lile lile. Ukilinakili la kwake juu ya la kwako, la kwako limekwenda. Liweke kwenye folda nyingine kabisa, uiite kwa jina lake. Usijaribu pia kuyaunganisha kwa amri uliyoiona mtandaoni, kwa sababu mteja nambari 7 kwako ni mtu mmoja na nambari 7 kwake ni mtu mwingine, na ukiyachanganya utamdai fundi rangi deni la nahodha. Fungua la kwake, chapisha orodha ya madeni yasiyolipwa, kisha myaandike kwa mkono kwenye daftari lako, mmoja mmoja. Mkae pamoja siku hiyo, maana yeye ndiye anayejua nani alikwisha kumlipa jioni na nani bado.